Mawe ya Mlango wa Nyuma

Siku ya kwanza nilimcheka Suan Kheng, na sioni haya kulisema. Aliniwekea mezani pete aliyoichonga kwa nta kisha akaimimina mwenyewe. Ilikuwa imepinda upande mmoja, dhahabu yake haina mng'aro, na nafasi ya jiwe ameiacha pembeni kama mgeni aliyekosa kiti. Nikamwuliza imekanyagwa na gari gani. Baba yangu alikuwa sonara, babu yangu alikuwa sonara. Sisi Watamili wa ukoo wetu tumewapachikia vito watu wa Penang kwa vizazi, na hatujawahi kumvisha mtu kitu kilichopinda tukakiita kazi.

Suan hakukasirika. Alivuta kiti akaketi. "Kaka Prakasam, wewe pachika tu," akasema. "Wakikataa kununua, nitaivaa mimi."

Ilinunuliwa wiki hiyohiyo na mwanamke wa Singapore aliyekuja mjini kwetu kula tu. Nikafunga mdomo. Ukiona vyaelea vimeundwa, na yule msichana alikuwa anajua kuunda.

Mama yake alikuwa akiuza vitafunio vya mchele vilivyofungwa kwa majani ya mgomba, na Suan alikulia chini ya meza ya sokoni. Alifanya kazi miaka tisa katika duka kubwa la vito, akitengeneza pete zilezile za kwenye kitabu cha picha. Alipotimiza thelathini aliacha, akapanga orofa moja juu ya duka la vitu vya karatasi vya kuwachomea wafu: nyumba za karatasi, magari ya karatasi, hata simu. Alichora mwenyewe, akakata, akaunga kwa moto wa gesi, akauza kwa jina lake. Kupachika vito tu ndiko alikoniachia mimi, kwa sababu viganja vyake hutoka jasho. Tulikaa meza moja miaka kumi na minne, na nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Sifa yake ilikuwa mawe ya kale. Hakugusa almasi mpya. Alisema za mashine zinawaka kama taa za duka la simu, zote sura moja. Alitaka zile zilizokatwa kwa mkono zamani, bapa chini, hakuna mbili zinazolingana. Mawe ya namna hiyo yamo masandukuni mwa familia kongwe za Kichina za hapa kwetu, ambazo bibi zao walivaa kebaya, zile blauzi za kutariziwa, na kugombana Kimalay jikoni. Zamani familia hizo zilikuwa na majumba. Siku hizi nyingi zimebakiwa na masanduku.

Mtu wa ukoo kama huo anapouza pini ya bibi yake, haji kwa mlango wa mbele. Anapanda ngazi ya nyuma, ile ya uchochoroni, na kitu chake kimo ndani ya mkebe wa biskuti. Aliyemfundisha Suan namna ya kumpokea ni Bibik Gek Neo, mjane wa miaka themanini na mbili, mteja wake wa kwanza mwenye jina mjini. Alimfundisha kama anavyofundishwa binti kupika. Unamkaribisha, unampa chai, unamwuliza habari za mvua. Humwulizi jina. Humwulizi kitu kilikuwa cha nani, wala kimetoka wapi. Unapima, mnakubaliana, anashuka, na ukikutana naye sokoni kesho yake, humjui. Bibik alisema kumwuliza mtu wa namna hiyo ni kumvua nguo mbele za watu. Nami niliupenda mwiko ule. Watu husema kuuliza si ujinga, lakini kuna maswali ambayo ni ukosefu wa adabu, na adabu ndiyo kitu cha mwisho alichobakiwa nacho mtu aliyefilisika.

Yule mtu alianza kuja Februari, sherehe za mwaka mpya wa Kichina zilipokwisha. Alikuwa mpole, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Alikunywa chai yake yote na kusifu vitafunio. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu uliokaukia kwenye visigino, na mjini kwetu udongo mwekundu uko kilimani tu.

Huko kilimani kuna makaburi ya zamani ya Wachina. Mwaka ule barabara mpya ilikuwa ipite pale, na kila kaburi lilikuwa limepigwa namba kwa rangi nyeupe. Familia zilipewa mpaka katikati ya mwaka kuwafukua watu wao na kuihamishia mifupa mahali pengine. Jambo hilo lilikuwa gazetini, kila mtu alilijua. Suan alilijua, na mimi nililijua.

Mara ya kwanza mkebe ulikuwa na pini za nywele sita. Mara ya pili ulikuwa na pini tatu za kifuani, zile tunazoziita kerongsang, ambazo wanawake hufungia kebaya badala ya vifungo. Nilizitazama kwa kioo cha kukuzia. Familia inayofilisika huuza kidogokidogo, huanza na kibovu. Huyu alileta seti nzima, haijapungua hata jiwe. Nyuma ya mawe kulikuwa na kitu cheupe kilichoganda, nikadhani ni sabuni ya miaka mingi. Nilikikwangua kwa sindano, kikawa udongo na chokaa. Na fedha ya pini ilikuwa imeota ukoga wa kijani. Fedha iliyokaa sandukuni haiwi hivyo.

Mara ya tatu, katikati ya mawe, palikuwa na lulu moja peke yake, imefubaa upande mmoja.

Sisi tunawachoma wafu wetu, na kabla ya moto tunawavua kila kitu. Lakini baba yangu alifanya kazi na Wachina matajiri maisha yake yote, na aliniambia zamani kwamba lulu moja peke yake huwekwa mdomoni mwa maiti kabla jeneza halijafungwa. Niliirudisha mkebeni. Nikaenda kunawa mikono, nikarudi, nikaenda kunawa tena.

Yule mtu alipokwisha kushuka nilimwambia Suan yote, udongo, ukoga na lulu. Alinisikiliza huku akipiga tupa ukingo wa bangili, bila kuinua macho.

"Unaujua mwiko, Kaka," akasema.

"Mwiko ni wa kuwasitiri walio hai."

"Nyumba za kale zina unyevu. Vitu vinaota kila namna ya uchafu." Akaiweka tupa chini. "Na tukimwuliza, kumbe si kweli? Tutakuwa tumemwita mtu mwizi wa maiti, na chai yetu bado iko mkononi mwake."

Nilijua anachokiogopa. Kama ni kweli, basi kila kilichotoka mezani petu tangu Februari kilikuwa kimevuliwa maiti, na wanawake wa watu walikuwa wanakivaa mwilini. Kwa watu wake hakuna mkosi mkubwa kuliko huo. Hakuna mama ambaye angepanda tena ngazi zile kumnunulia binti yake hata herini. Alikuwa anajiandaa kwa maonyesho yake ya kwanza ya peke yake kule Kuala Lumpur, na miaka kumi na minne ingefutwa kwa neno moja la yule mpole mwenye kalamu mbili. Kwa hiyo hakutaka lisemwe.

Mara ya nne Suan alimrudishia lulu yake, akamwambia yeye hatumii lulu. Yule mtu aliipokea, akaitia mfukoni, wala hakuuliza kwa nini. Hapo moyoni nilijua. Na bado nilipachika. Hilo sitaki mtu anisaidie kulipunguza. Mikono iliyoyasafisha mawe yale udongo kwa mswaki ni hii yangu.

Mwezi wa Machi Bibik Gek Neo alikuja kwa mlango wa mbele, na mwavuli wake na manukato yake. Mjukuu wake Hui Ern alikuwa anaolewa Mei. Alitaka kerongsang ya harusi, pini tatu na mkufu wa kuziunga, lakini kwa mtindo wa Suan. Alisema amechoka kuwaona mabibi harusi wamevaa vitu vya kukodi. Mtoto huyu ni wa pekee wa mwanawe wa pekee, Boon Teik, na lazima avae kitu kilichotengenezwa kwa ajili yake.

Suan aliichora siku tatu. Pini ya kwanza kubwa, ya pili ndogo, ya tatu ndogo zaidi, zote kama majani yaliyokunjwa na mvua. Kwa ile kubwa alichagua jiwe bora kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo, pana kama ukucha wa kidole gumba, lenye rangi hafifu ya chai. Lilikuwa limetoka kwenye mkebe wa pili. Nilimtazama usoni alipolichukua, naye akakwepa macho yangu.

Jiwe lile lilikuwa na ufa mwembamba ukingoni. Fundi wa kupachika akikuta kasoro ya namna hiyo hailalamikii, anaifunika. Unaligeuza jiwe mpaka ufa uangukie chini ya mojawapo ya kucha za dhahabu zinazolishika, unaubana ukucha juu yake, na hakuna atakayeuona mpaka jiwe ling'olewe. Nilifanya hivyo, tena nilifanya vizuri.

Bibik alipokuja kuichukua aliiweka kiganjani akaitazama muda mrefu sana. Mwishowe alisema ni nzuri, kisha akasema kwamba uzee ni kitu kibaya, unaona vitu unadhani uliwahi kuviona. Suan alicheka. Kicheko chake kilikuwa kidogo na kikavu.

Ikafika Cheng Beng, siku zile za Aprili ambazo kila familia hupanda makaburini kufagia, kufyeka na kuwaandalia wafu chakula. Suan alikwenda kaburini kwa mama yake na fagio na vitafunio vya mchele. Alirudi amenyooka mgongo. Alisema kaburi liko salama, saruji haijaguswa, na huko alikopita hakuona hata moja lililovunjwa. Akachemsha chai, akanitania kwamba mimi mzee nasikia harufu ya maiti hata kwenye sabuni. Nilifurahi kumwona anacheka. Sikumwambia nililokuwa nikiliwaza, kwamba mama yake alizikwa na kitambaa tu, na nani angelifungua kaburi lake, apate nini?

Siku mbili baadaye, kabla ya saa sita mchana, tulisikia hatua kwenye ngazi ya nyuma. Zilikuwa za polepole, zinapumzika kila baada ya ngazi mbili. Nilifungua. Alikuwa Bibik Gek Neo, peke yake, bila manukato. Alikataa chai. Aliweka sanduku la kerongsang mezani, akalifungua.

"Prakasam, lete kioo chako," alisema. "Huu ukucha wa kulia, uinue."

Nilimtazama Suan. Suan alikuwa amesimama na mkono mdomoni. Nikauinua ukucha. Bibik aliinama juu ya kioo, na hakuhitaji muda mrefu.

"Nilipougua surua mama alinipa jiwe hili nilichezee kitandani," alisema. "Nilikuwa nikitazama taa kupitia ndani yake. Huu ufa kama unywele niliujua kabla sijajua kusoma. Alizikwa nalo, mimi mwenyewe nikiona."

Alituhadithia kilichotokea kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine. Alikuwa amepanda kilimani kumuaga mama yake, kwa kuwa Boon Teik alimwambia watamhamisha baada ya harusi. Akakuta saruji mpya kwenye kaburi. Mlinzi wa makaburi, bila ubaya wowote, akampongeza kwa kuwa na mwana anayewahi mambo: alikuja Februari na kibali chake, akalifungua, akalifunga tena, na kila karatasi ina sahihi yake. Akaongeza kwamba hata watu wa familia nyingine wamefanya hivyo mwaka huu, wanafungua mapema, wanafunga, na wote wana vibali. Ndiyo maana hakuna aliyeona kaburi lililovunjwa. Kumbe yule mtu wa mkebe alikuwa mjumbe wao tu. Boon Teik alikuwa na harusi ya kifahari ya kugharimia, akamtuma auze, wala hakumwuliza ameuza wapi. Naye aliujua mwiko.

"Sikuuliza, Bibik," alisema Suan, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Najua. Mimi ndiye niliyekufundisha."

Suan alilia, nami nusura nilie. Alimwomba Bibik amwachie ile kerongsang aivunje, mawe wayarudishe, wayazike na mama wa watu. Bibik alitikisa kichwa.

"Ukiivunja, Hui Ern ataniuliza iko wapi. Nimwambie nini? Kwamba baba yake alikwenda akamvua mama yangu?" Alilifunga sanduku. "Itavaliwa. Nawe utakuja harusini, Suan, ukae mbele, kwa sababu usipokuja wataniuliza. Na wale wengine uliowauzia, usimwambie hata mmoja. Kila nyumba ina Boon Teik wake."

Aliniagiza niurudishe ukucha mahali pake. Niliurudisha, na alishuka kwa ngazi ileile ya nyuma, ameshika ukuta.

Mwezi uliofuata sipendi kuukumbuka. Suan alituma ujumbe Kuala Lumpur kwamba ni mgonjwa, maonyesho yakafutwa. Hakuwasha moto wa gesi hata mara moja. Alikaa na daftari la wateja mapajani, akiyapitia majina ya wanawake waliovaa mawe ya Februari na Machi. Mmoja alikuwa amejifungua mtoto njiti. Mwingine alikuwa ameachwa. Nilimwambia watu hujifungua na kuachwa bila vito vyovyote. Akaniuliza kama mimi ningemvisha binti yangu. Siku moja tulimkuta mteja wake sokoni, anachagua samaki, na pete mkononi. Yule mama alimpungia mkono kwa furaha. Suan alitapika nyuma ya vibanda. Yule mtu wa mkebe hakuonekana tena, nadhani alisikia kwamba hatununui.

Asubuhi ya harusi nilimpitia, tukaenda pamoja. Nyumba ya Boon Teik ilikuwa imejaa watu na harufu ya vitafunio vya nazi. Tuliwekwa mbele, kama Bibik alivyoamuru. Hui Ern alitoka chumbani na kebaya ya rangi ya waridi, na ile kerongsang kifuani, na sebule nzima ikashusha pumzi. Nitasema kweli: ilikuwa kazi bora ya maisha yetu. Wanawake watatu walimzunguka Suan papo hapo wakitaka kuagiza. Alitabasamu kwa midomo tu.

Ikaja zamu ya chai. Bibi harusi hupiga magoti mbele ya wazee wake mmoja mmoja, anawapa kikombe kwa mikono miwili, nao wanakunywa na kumbariki. Alianza na bibi yake. Bibik Gek Neo alikunywa yote akiwa amefumba macho, kisha akamshika mtoto shavu. Baada ya hapo ilikuwa zamu ya baba.

Boon Teik ni mtu mnene, mcheshi, sauti yake husikika nyumba ya pili. Mambo ya vito vya wanawake hakuwahi kuyatazama maishani. Wakati vikombe vinajazwa aliwageukia wageni, uso unang'aa, akawaambia waione kazi ile, kwamba mawe kama yale siku hizi huyapati hata ukiwa na pesa. Kisha akamwona Suan.

"Hebu waambie, Suan," akasema. "Umeyatoa wapi?"

Niliukanyaga mguu wa Suan. Nilitaka anyamaze, sioni haya kulisema hilo pia. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na kwa miezi mitatu sisi wawili tulikuwa tumekaza ulimi mpaka ukakaribia kutusonga. Bibik alikuwa anamtazama kutoka kitini kwake, anatikisa kichwa kidogo sana.

"Kwako, Bwana Boon Teik," alisema Suan.

Boon Teik alicheka, na wageni wakacheka naye, wakidhani ni utani wa fundi na mwenye harusi. Suan hakuinua sauti.

"Uliyatuma Februari, kwenye mkebe wa biskuti. Hilo la katikati lina ufa kama unywele, chini ya ukucha wa kulia. Mama yako analijua tangu utotoni."

Waliokuwa mbali waliendelea kucheka. Bibik Gek Neo alikuwa ameinamisha kichwa, ameifumbata mikono mapajani. Hui Ern, aliyekuwa akihangaika na kikombe kisimwagike, hakusikia lolote. Alipiga magoti mbele ya baba yake, akainua chai kwa mikono miwili, na lile jiwe la rangi ya chai likawa usawa wa macho ya Boon Teik. Alilitazama, na kicheko kikamkauka. Mikono yake ilibaki juu ya magoti yake. Sebule ilinyamaza kidogokidogo, mstari mmoja wa viti baada ya mwingine, na Hui Ern alibaki vilevile, mikono imeinuliwa, akimngoja baba yake apokee.